Hotuba ya Kumbukumbu ya Gatumba



Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, katika kambi ya Gatumba, Burundi, wakimbizi zaidi ya 150 kutoka Kongo, wengi wao Banyamulenge, waliuawa kwa risasi, mapanga na moto. Kundi la FNL lilijitangaza lenyewe kuwa ndilo lililofanya. Hata hivyo hakuna mahakama iliyomhukumu mtu. Mwizi wa maharage hapa kambini hukamatwa kabla jua halijatua!

Msiniambie haiwezekani. Yusuf Munyakazi alikuwa mkulima wa hapa hapa Bugarama. Aprili 1994 aliongoza wauaji hadi parokia za Shangi na Mibilizi. Alikamatwa Kongo mwaka 2004, na mwaka 2010 Mahakama ya Arusha ikamfunga miaka 25. Ilichukua miaka 16, lakini mashahidi walisikilizwa.

Kuhusu siku ya leo, naomba picha za maiti zisipitishwe mbele ya watoto. Majina yasomwe polepole, moja moja, hata jua likiwa kali. Na kijana asisimame hapa kutangaza kisasi juu ya Warundi. Waliotenda wana majina yao. Hao ndio tunaowadai mahakamani, siyo jirani.

Ndugu wa mashirika, tunaomba madaftari na kalamu. Kamati itaandika maelezo ya kila aliyenusurika, na sisi walimu tutashika kalamu kuanzia Jumatatu.