Upande wa Pili wa Kaseti: Kuzisikiliza Upya Nyimbo za Uhamishoni



Nimekuja na kitu kimoja mfukoni. Ni kaseti ya marehemu abti yangu, yaani mjomba, aliyeendesha lori la mifugo kati ya mji wetu huu wa Habaswein na Garissa kwa miaka mingi. Upande A una mwimbaji na bendi ya Mogadishu ya miaka ya 1980: ngoma, gitaa la besi, saksafoni, na waitikiaji wanaojua mahali pa kuingia. Upande B una mwimbaji yuleyule baada ya vita, anaimba na kinanda kimoja cha umeme. Upande A ulipoisha, abti aliitoa kaseti, akaizungusha nyuma kwa kalamu ili asimalize betri, kisha akaanza upya palepale. Upande B hakuwa na haja nao. “Huo ni wa njaa,” alikuwa akisema.

Abti hakuwa peke yake. Tangu Mandera hadi Eastleigh, wapenzi wa muziki wa Kisomali wameigawa historia yake sehemu mbili, kabla ya 1991 na baada yake. Ya kabla wanaiita dhahabu. Ya baada wanaiita masalia, au hawaipi jina kabisa. Leo naomba tuusikilize upande wa pili. Hoja yangu ni kwamba rekodi zile za baadaye ni dhaifu kweli kwa ufundi, na udhaifu wake una sababu tunazozijua. Lakini zimebeba kitu ambacho rekodi za enzi nzuri hazikuweza kukibeba. Msikilizaji mwadilifu atayasema yote mawili, wala hatalificha moja kwa ajili ya jingine.

Tuanze na dhahabu, kwa maana huwezi kupima hasara bila kujua mtaji. Baada ya Siad Barre kutwaa madaraka mwaka 1969, sehemu kubwa ya muziki nchini Somalia ikawa mali ya serikali. Horseed ilikuwa bendi ya jeshi, Heegan ya polisi, Iftin ya Wizara ya Elimu. Waaberi, kundi kubwa lililokuwa na makao yake kwenye Jumba la Taifa la Maonyesho mjini Mogadishu, lilikusanya mamia ya waimbaji, wachezaji, waigizaji na washairi. Wimbo ulikuwa na wenyewe watatu: mmoja alitunga maneno, wa pili akatunga lahani, wa tatu akauimba. Kila mmoja alikuwa na mshahara. Mshahara huo ndio uliowapa muda wa kufanya mazoezi, na mazoezi ndiyo yaliyoifanya bendi ya watu kumi ipumue kama mtu mmoja.

Dur-Dur Band ilisimama kando. Jina lake maana yake ni chemchemi, na hapa Habaswein, mji unaoitwa kwa vumbi lake kubwa, hakuna asiyejua uzito wa neno hilo. Ilikuwa bendi ya watu binafsi. Haikujishughulisha na siasa, akili zake zote ikaziweka kwenye mdundo. Ilichukua ngoma za saar na dhaanto, dhaanto hii hii inayochezwa kwenye harusi zetu, ikaziunganisha na fanki na rege hadi mtu asiweze kuona mshono ulipo. Rekodi yao ya Volume 5 ilifanywa mwaka 1987. Miaka minne baadaye dola ikaanguka.

Mnamo Januari 1991 Siad Barre alikimbia Mogadishu, na kabla mwaka haujaisha kambi ya wakimbizi ya Ifo ilikuwa imefunguliwa upande huu wa mpaka. Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992. Wazee mliopo mnakumbuka watu waliofika wakiwa na mtoto mgongoni na kifurushi kimoja mkononi, na mara nyingine ndani ya kifurushi mlikuwa na kaseti. Wanamuziki nao walitawanyika vivyo hivyo. Watu wa Dur-Dur walihamia Ethiopia, kisha wengine Marekani. Maryam Mursal wa Waaberi alisafiri na watoto wake watano kwa muda wa miezi saba katika Pembe ya Afrika, akaishia kupata hifadhi Denmark.

Sasa fikirini hesabu ya mwimbaji aliyefika ugenini. Mpiga ngoma wake yuko nchi nyingine. Mtunzi wa lahani hajulikani aliko. Mshahara hakuna, na studio inalipiwa kwa saa. Anayemlipa ni mwenye harusi, na mwenye harusi anataka mtu mmoja anayeingia na vyombo vyake ndani ya teksi. Kinanda cha umeme kikawa jibu la maswali hayo yote. Mtu mmoja alibonyeza kitufe akapata ngoma, akabonyeza kingine akapata besi, na kwa mkono wa kulia akapiga lahani. Hivyo ndivyo nyimbo nyingi za miaka ya 1990 zilivyozaliwa, Eastleigh, Djibouti, London na Toronto.

Mashabiki walilalamika, na kwa sehemu kubwa walikuwa na haki. Mpiga ngoma humsikiliza mwimbaji. Mwimbaji akivuta pumzi, humngojea, akipandisha, humpandia. Mashine haimngojei mtu. Dhaanto inaishi kwa makofi na miguu ya watu wanaoongeza kasi bila kuambizana, na kitufe hakiwezi kuongeza kasi kwa furaha. Tarumbeta ya kinanda inatoa noti bila pumzi. Mwenye masikio aliyelelewa na Iftin na Dur-Dur hakuhitaji kufundishwa kwamba kuna kitu kimepotea.

Hata hivyo, kosa letu lilikuwa kuhukumu mara moja na kufunga faili. Chukueni mfano wa mbali: nchini Marekani kundi la Beach Boys lilitoa Pet Sounds mwaka 1966, albamu inayohesabiwa miongoni mwa kazi kubwa za muziki wa karne iliyopita. Mwaka 1977 likatoa The Beach Boys Love You. Humo Brian Wilson, mtunzi mkuu wa kundi hilo, alipiga vyombo vingi kwa mikono yake mwenyewe, vinanda vya umeme vikakalia nafasi ya okestra, na sauti yake ilikuwa imekwaruzika. Haikuuza vizuri, na mashabiki wengi waliiona kama aibu ya wazee. Baadaye wengine waliirudia, wakasikia ndani yake mtu asiyejificha, na leo ina watetezi wa dhati. Albamu haikubadilika hata noti moja. Wasikilizaji ndio waliojifunza kuiuliza swali jingine.

Sisi tuziulize nini nyimbo za upande B? Mimi nauliza maswali matatu, na nawaomba vijana myachukue.

La kwanza: ninachokichukia ni wimbo, au ni nakala? Wengi wetu hatukuwahi kusikia kanda halisi. Tulipeleka kaseti tupu kwa mwenye duka, akaturekodia nakala kutoka kwenye nakala, na kila hatua iliongeza mvumo na kupunguza sauti za juu. Betri zikichoka, mwimbaji anageuka mlevi. Rekodi za bendi kubwa zilistahimili mateso hayo kwa sababu zilikuwa na vyombo vingi vya kubeba wimbo. Sauti moja na kinanda kimoja vikifunikwa na mvumo, hakuna kinachobaki. Kampuni ya Awesome Tapes From Africa ilipotoa upya Volume 5 ya Dur-Dur mwaka 2013, na Analog Africa ilipotoa upya rekodi zao za awali mwaka 2018, dunia iliwasikia wakiwa wamesafishwa. Nyimbo za uhamishoni hazijapata fundi wa kuzisafisha kwa kiwango hicho. Tunalinganisha aliyeoga na aliyetoka safari.

La pili: mwimbaji amefanya nini na uhaba wake? Nilipousikiliza upande B wa kaseti ya abti kwa utulivu, nilisikia jambo ambalo sikulitarajia. Mwimbaji ameacha kuifuata mashine. Anaingia nyuma ya mdundo, anauacha upite, kisha anaudaka kwenye neno la mwisho. Kwenye upande A hakuhitaji kufanya hivyo, bendi ilimbeba. Hapa anajibeba. Ufundi huo umezaliwa na upungufu, nao ni ufundi.

La tatu: maneno yanasema nini? Katika miaka ya udhibiti, washairi walizungumza kwa sitara. Wimbo wa mapenzi ungeweza kuwa malalamiko juu ya serikali, na aliyekusudiwa alielewa. Lugha hiyo ilikuwa na uzuri wake mkubwa. Lakini nyimbo za baada ya 1991 ziliweza kutaja mji kwa jina lake, mpaka kwa jina lake, mama aliyebaki nyuma. Msikilizeni Maryam Mursal. Mwaka 1997 yeye na wachache wa Waaberi walitoa New Dawn, yenye kaban, yaani udi, na sauti zilizo karibu na sikio. Mwaka 1998 akatoa The Journey, kuhusu safari yake ya ukimbizi, ikiwa na vyombo vya kisasa vya Ulaya. Wapo wanaosema vyombo hivyo vinamfunika, nami nakubaliana nao katika nyimbo kadhaa. Lakini safari ile haingeweza kuimbwa mwaka 1985, kwa sababu ilikuwa haijatembewa.

Nisieleweke vibaya. Kumhurumia mwimbaji si sawa na kuusikiliza wimbo. Zipo rekodi za miaka hiyo ambazo zilitengenezwa kwa haraka, lahani ya zamani ikavalishwa maneno mapya bila fikra, na kuzisifu leo kwa sababu aliyeziimba aliteseka ni kumdharau yeye na sanaa yake. Ninachokidai ni kwamba kila wimbo uhukumiwe kwa sifa zake wenyewe. Historia nayo haijafungwa. Dur-Dur Band Int., iliyokusanyika London, ilitoa The Berlin Session mwaka 2023, watu waliozeeka wakipiga tena pamoja ndani ya chumba kimoja. Anayetaka kuelewa kwa nini muungano huo unatikisa moyo, lazima ajue miaka ya kinanda iliyoutangulia.

Mwisho, nina ombi. Kule Hargeisa, Redsea Cultural Foundation imehifadhi zaidi ya kaseti 10,000. Hapa kwetu kaseti ziko kwenye masanduku ya bati, chini ya vitanda, pamoja na joto na vumbi lililoupa mji huu jina. Upande A utaokolewa na wengi, kwa sababu wengi wanaupenda. Upande B hauna mtetezi. Tena utepe ni mmoja: upande A na upande B zimerekodiwa kwenye utepe uleule, na kila abti alipocheza wimbo alioupenda, ule asioupenda nao ulikuwa ukichakaa kimyakimya.

Basi mkifika nyumbani, fungueni masanduku. Andikeni juu ya kila kaseti jina la mwimbaji, mahali iliporekodiwa, mwaka kama mnaukumbuka, na nani aliileta mjini. Msirekodi juu yake. Kisha mpeni kijana mwenye simu azirekodi pande zote mbili, kuanzia upande B.