Dhiki na Uzazi
(Maneno niliyosema kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Makoongwe)



Nimeombwa niseme jambo la sayansi lenye manufaa. Nimechagua uzazi, na wanaocheka kule nyuma nawaomba wavumilie kidogo.

Tulipokuwa wadogo tukiwarushia mawe popo wa Pemba katika miti ya kisiwa hiki. Majike wakiruka na watoto wamewang'ang'ania kifuani. Tukaona mchezo.

Mnyama akishtuka, ubongo huziamrisha tezi zilizo juu ya figo zitoe homoni iitwayo kotisoli, nayo huupa mwili nguvu za kukabili hatari. Kwa nusu saa ni jambo jema. Hofu ikidumu miezi, ubongo hupunguza amri zake kwa ovari na korodani, na uzazi ukangoja.

Mwaka 2008 watafiti walichapisha habari za ndovu wa Mikumi, ambako ujangili ulikuwa mkubwa kabla biashara ya pembe haijapigwa marufuku duniani mwaka 1989. Walipima homoni katika kinyesi. Majike waliobaki bila ya bibi wala jamaa wa karibu walikuwa na homoni nyingi zaidi za dhiki, na wakizaa kidogo kuliko wenzao. Na hayo ni zaidi ya miaka kumi baada ya marufuku!

Binadamu naye yumo. Katika njaa ya Uholanzi ya 1944 na 1945 wanawake wengi walikatika hedhi, na miezi tisa baadaye vizazi vikapungua sana.

Lakini sisemi kila asiyezaa ana dhiki. Mimi na mke wangu tulikaa miaka mitano bila ya mtoto. Kila Idi jamaa walimuuliza yeye. Mimi sikuulizwa hata siku moja, nami nikanyamaza. Akakonda, hedhi zake zikavurugika. Tulipokwenda hospitali sote wawili, ikaonekana mimi ndiye mwenye mishipa iliyovimba kwenye korodani. Nikapasuliwa. Hedhi zake zilirudi kabla sijapona kidonda, tangu siku niliyowaambia jamaa zangu ukweli.

Binti yetu sasa yuko darasa la tatu.

Mwenye swali aulize. Mwenye swali la faragha anifuate pwani kabla maji hayajatoka.