Nani Anampima Dereva? Udereva wa Wenye Ulemavu na Wazee wa Nachingwea na Ruangwa



Naomba nianze na breki ya bajaji. Chombo hiki karibu chote huendeshwa kwa mikono: mafuta yako kwenye hendeli ya kulia, klachi na gia ziko kwenye hendeli ya kushoto. Mguu umeachiwa kazi moja tu, kukanyaga pedeli ya breki sakafuni. Ndiyo maana mtu aliyepooza miguu kwa polio, au aliyekatwa miguu baada ya ajali, akiitazama bajaji anaona riziki. Anachohitaji ni breki imfikie mkononi. Basi anakwenda kwa fundi wa kuchomelea. Fundi anakata kipande cha nondo au bomba, anakichomelea kwenye pedeli, anakikunja kipite pembeni ya goti mpaka usawa wa kiganja, kisha anakizungushia mpira wa tairi ya baiskeli kisiteleze kwa jasho. Kazi inaanza asubuhi na kufikia mchana imekwisha. Jioni mwenye chombo yuko kazini na abiria nyuma.

Sasa tutazame mkono wenyewe. Mkono wa kulia ndio unaoshika mafuta, na mara nyingi ndio huohuo utakaoshuka kuivuta au kuisukuma breki. Katika dakika ile ya kuchomekewa na pikipiki, hendeli inabaki na mkono mmoja, wa kushoto, ambao nao unashughulika na klachi. Je, nondo ile imekaa upande unaofaa kwa mwili wa mtu huyu? Bega lake lina nguvu ya kusimamisha bajaji yenye abiria watatu na gunia la ufuta kwenye mteremko? Kiungo kilichochomelewa kitahimili kwa muda gani kabla ya kupata ufa? Na yeye mwenyewe atakaaje kitini asiyumbe kwenye kona, ilhali miguu haimshikilii sakafuni? Hakuna aliyeuliza, kwa sababu hakuna aliyekabidhiwa kuuliza. Namheshimu sana fundi yule. Amefanya kazi ambayo penginepo hugawanywa kwa watu wanne, na ameifanya kwa bei ya vijiti vya kuchomelea. Hoja yangu leo iko hapo: katika wilaya zetu za Nachingwea na Ruangwa mtu mwenye ulemavu hupimwa na fundi wa kuchomelea, na mzee hapimwi na mtu yeyote.

Kupima dereva ni taaluma kamili. Marekani wanaoifanya wana chama chao tangu 1977, na wengi wao wametoka kwenye tiba kwa vitendo, yaani fani ya kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku. Kazi yao huanzia chumbani. Wanapima macho, si kuona mbali tu bali pia kuona pembeni bila kugeuza shingo. Wanapima nguvu za mikono na miguu, wanaangalia shingo inageuka kiasi gani, na kama nyayo bado zinahisi zinachokikanyaga. Wanapima akili inavyogawanya uangalizi, kwa mfano kwa kumpa mtu karatasi yenye namba na herufi zilizotawanyika aziunganishe kwa zamu, moja kisha A, mbili kisha B, huku saa ikihesabu. Baada ya hapo wanatoka naye barabarani kwa gari lenye breki ya pili upande wa mkufunzi.

Jambo ninaloomba mlishike ni matokeo yake. Jibu la kipimo hiki ni nadra kuwa ndiyo au hapana. Mpimaji mzuri hufanya kama fundi cherehani: anachukua vipimo vya mwili uliopo, kisha anasema chombo gani kitaukaa. Chukueni mtu aliyekatwa mguu wa kushoto. Kwenye gari la gia hana wa kukanyaga klachi. Mpe gari la otomatiki, kama hizi IST na Vitz zinazoingia nchini kutoka Japani kila siku, naye anaendesha bila kubadilishiwa hata skrubu moja, kwa kuwa mafuta na breki ni vya mguu wa kulia. Aliyekatwa mguu wa kulia anahitaji pedeli ya mafuta ihamishiwe kushoto mwa breki, na wiki kadhaa za kuuzoesha mguu uliobaki kazi ambayo haukuwahi kuifanya. Asiye na miguu yote anahitaji mkono wa chuma chini ya usukani, akiusukuma gari linasimama, akiuvuta linaongeza mwendo, na kifundo juu ya usukani ili augeuze kwa kiganja kimoja. Si uvumbuzi wa leo. Franklin Roosevelt, aliyepooza miguu mwaka 1921, aliendesha Ford yake kule Warm Springs kwa vishikio vya mkono, tena akiwa rais wa Marekani.

Kwa viziwi nitakuwa mfupi, kwa kuwa suala lenyewe ni rahisi kuliko tunavyolifanya. Barabara husomwa kwa macho. Kiziwi anahitaji vioo vipana, mazoea ya kuvitazama mara kwa mara, na askari anayejua la kufanya anapomsimamisha mtu asiyesikia. Marekani ilianza mwaka 2013 kutoa vibali kwa viziwi kuendesha hata malori makubwa kati ya jimbo na jimbo. Sisi bado tunabishana juu ya honi.

Sheria hazikutuzuia. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inatoa unafuu wa ushuru kwa vyombo na vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa watu wenye ulemavu. Madaraja ya leseni yetu yanaitenganisha A2 ya magurudumu matatu na B ya gari dogo, kwa hiyo hakuna haja ya kumdai mwenye bajaji yale anayodaiwa mwenye gari. Na halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ile 2 ndiyo inayonunua bajaji katika wilaya nyingi. Mkopo unaotoa bajaji bila mkono wa breki uliokaguliwa na bila wiki mbili za mafunzo umetoa nusu ya chombo. Gharama ya hiyo nusu nyingine ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya bajaji. Iandikwe humohumo kwenye hesabu ya mkopo.

Kuna jambo jingine linalobadilika kimyakimya. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini alionekana mwaka 1996, na mwaka 2015 Tanzania ikathibitishwa kuwa imeishinda. Jambo la kushukuru. Lakini maana yake kwa somo letu ni kwamba walioachiwa ulemavu na polio ile wanaingia utu uzima na uzee, na mabega yaliyobeba magongo tangu utotoni, kisha yakavuta breki kwa miaka, yanachoka mapema kuliko mabega ya wengine. Aliyekuwa dereva hodari akiwa na miaka 30 anahitaji kupimwa upya akiwa na 50, huenda arefushiwe mkono wa breki ili nguvu ndogo itoshe. Na wanaojiunga na safu ya walemavu sasa ni watu wa namna nyingine: kijana aliyenunua pikipiki msimu wa korosho akaangukia Masasi, mama aliyekatwa mguu kwa kisukari, mwalimu mstaafu aliyepata kiharusi. Hawa walikuwa wakiendesha jana. Wanachouliza hospitalini, wakishaulizia maisha yao, ni kama wataendesha tena.

Hapa ndipo nawafikia wazee, na niseme wazi kwamba ndio wanaonikosesha usingizi zaidi. Mikoa ya Lindi na Mtwara ina uzazi mdogo kuliko wastani wa nchi, na vijana wengi huenda Dar es Salaam. Wanaobaki kushika usukani, au hendeli ya pikipiki, ni watu wazima. Barabara nazo zimebadilika. Kwa miongo mingi udongo wetu ulikuwa ndio askari wa mwendokasi. Leo kuna lami kutoka Nanganga hadi Ruangwa, kilomita 53 na ushei, na dereva aliyezoea mwendo wa 30 anajikuta kwenye 80. Tupige hesabu. Kwa 30 chombo kinakwenda mita 8 kila sekunde. Kwa 80 kinakwenda mita 22. Mzee akichelewa sekunde moja kutambua kwamba mbuzi ameingia barabarani, zamani alimkaribia kwa mita 8, sasa kwa 22, kabla mguu haujagusa breki. Mzee ni yuleyule wa mwaka juzi. Kilichopanda ni bei ya ile sekunde moja.

Tangu 2019 leseni yetu inadumu miaka 5 badala ya 3. Ni nafuu kwa mfuko, lakini aliyehuisha leseni akiwa na miaka 68 hataulizwa tena habari za macho yake mpaka afike 73. Katika miaka hiyo mtoto wa jicho anaweza kukua taratibu, na mwenyewe akadhani taa za wenzake ndizo zimekuwa kali usiku. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi na mtu akarudi barabarani. Presha ya macho ni mwizi mwingine: hula kingo za upeo wa macho kwanza, mtu anaendelea kusoma gazeti vizuri lakini hamwoni mtoto anayetoka ubavuni. Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Uingereza dereva hutakiwa kuisoma namba ya gari iliyo umbali wa mita 20 kwa mwanga wa mchana, na afikapo miaka 70 huhuisha leseni kila baada ya miaka mitatu.

Japani, wanakotoka magari yetu, wamekwenda mbali zaidi, na kwa uchungu. Tangu 2009 mwenye miaka 75 na kuendelea hupimwa kumbukumbu na uelewa anapohuisha leseni. Aprili 2019, Ikebukuro jijini Tokyo, mzee wa miaka 87 aligonga watu kwa gari lake. Mama mmoja na binti yake wa miaka 3 wakafa. Nchi nzima ikajadili. Mwaka 2022 wakaongeza mtihani wa barabarani kwa wazee wa umri huo walio na makosa fulani ya usalama barabarani. Wazee wengi pia hurudisha leseni kwa hiari.

Sishauri tuige hilo la kurudisha leseni, angalau si sasa. Tokyo mzee akiacha gari anapanda treni. Kilimarondo atapanda nini? Familia nyingi hapa zina namna moja tu ya kulimaliza jambo hili: mtoto anakuja likizo, anauficha ufunguo wa baba, anarudi mjini. Nimewaona wazee waliofanyiwa hivyo. Hawaendi tena kliniki, hawaendi mnadani, msikitini au kanisani wanasubiri kuchukuliwa. Kati ya ufunguo kufichwa na ajali kutokea kuna nafasi kubwa ambayo mpimaji angeitumia: mzee aendeshe mchana tu, asiende Masasi siku za magari mengi, apite njia ambazo hazimlazimu kukata kulia mbele ya magari yanayokuja, maana hapo ndipo uangalizi uliogawanyika humponyoka mtu mzima. Afundishwe upya kutumia vioo kama shingo imekakamaa. Na siku ya kuacha ikifika, alisikie neno hilo kutoka kwa mtu aliyempima, si kwa mwanawe.

Mnaweza kusema haya ni ya nchi tajiri. Lakini ardhi hii imewahi kufundisha madereva kwa haraka na kwa wingi. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951, ulileta hapa Nachingwea matrekta, na vijana ambao hawakuwahi kukalia usukani wakafundishwa kuyaendesha. Mradi ulikufa kwa mvua, udongo na kiburi cha waliopanga. Uwezo wa wanafunzi haukuwa tatizo.

Vitu vinavyotakiwa viko karibu kuliko tunavyodhani. Ruangwa ina chuo cha ufundi stadi cha wilaya, cha VETA. Hospitali zetu zina watu wa macho. Hospitali ya KCMC kule Moshi inafundisha wataalamu wa tiba kwa vitendo, na chuo cha TATCOT, kilichopo hukohuko tangu 1981, kinafundisha watengeneza viungo bandia. Tuombe wahitimu wao wapangwe kusini pia. Ninachopendekeza ni siku moja kila mwezi, uwanjani VETA: mtu wa macho, mtaalamu wa viungo, mkufunzi mwenye gari la otomatiki la breki mbili, askari wa usalama barabarani, na fundi wa kuchomelea aliyeitwa rasmi na kulipwa, ili mkono wa breki upimwe kwa mwili wa mwenyewe kabla ya kuchomelewa. Ianze kabla ya minada ya ufuta, kwa sababu wakati huo fedha na vyombo vipya huingia barabarani kwa pamoja. Wa kwanza kuitwa wawe wale walio barabarani tayari, na watangaziwe mapema, misikitini, makanisani na vijiweni, kwamba siku hiyo hakuna leseni itakayochukuliwa wala faini itakayoandikwa. Bila ahadi hiyo, wanaohitaji zaidi hawatakuja.