Mwalimu Anapohamia kwa Watani wa Jadi

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, ambaye sasa ni Afisa Utumishi serikalini, katika mkutano wetu wa mwaka.)

Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, kaka zetu mliotutangulia, na nyinyi vijana mnaolala sasa katika vitanda tulivyolalia sisi:

Nashukuru kwa heshima mliyonipa. Kamati iliniandikia kwamba nizungumze juu ya "Michezo na Maisha". Mada hiyo ni pana kama bahari, nami nimepewa dakika 20, na harufu ya pilau imekwisha kufika humu ndani. Kwa hiyo nimechagua sehemu yake ndogo, ile inayozungumzwa hapa shuleni hata kwenye foleni ya uji. Shule jirani, watani wetu wa jadi, wamemwita mwalimu wetu wa mpira wa kikapu akafundishe kwao, na yeye bado hajawajibu.

Nimemwomba ruhusa nilitaje jambo hili naye akiwapo. Amekubali kwa sharti moja, kwamba nisimshauri. Sharti hilo nitalitimiza. Maneno yangu ni kwa sisi tunaosubiri jibu lake, na hasa kwa kijana yule aliyeandika kwa chaki kwenye ukuta wa nyuma wa bwalo. Sitayarudia aliyoyaandika, ila nitamwambia kwamba neno "msaliti" lina herufi "l", siyo "r".

Ndugu zangu, kazi yangu ya kila siku ni uhamisho wa watumishi. Nimesoma barua za uhamisho nyingi mno, na kazi hiyo imenifundisha kwamba sababu inayoandikwa kwenye barua mara nyingi siyo sababu yenyewe. Mtu ataandika "kumfuata mwenzi", kumbe nyumba aliyopewa inavuja. Mwingine ataandika "sababu za kiafya", kumbe mkuu wake hajamwambia ahsante kwa miaka sita. Kwa sababu hiyo, ninaposikia kwamba mwalimu anataka kuhama, jambo la kwanza ninalouliza ni kile kilichomfanya asikilize alipoitwa. Anakokwenda nauliza baadaye.

Mahali ambapo jambo hili hutokea hadharani, nchi nzima ikitazama, ni katika vyuo vikuu vya Marekani. Huko mpira wa kikapu wa vyuo una mashabiki kama walivyo Simba na Yanga hapa kwetu, na kocha wa chuo hulipwa kuliko mkuu wa chuo. Tusidhani kwamba habari hizo hazituhusu. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyepitia Makongo, alicheza katika Chuo Kikuu cha Connecticut tangu 2006 hadi 2009, kisha akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi kuu ya huko, NBA. Kocha wake, Jim Calhoun, aliingia Connecticut mwaka 1986 na akakaa hadi 2012. Miaka 26 mahali pamoja! Katika muda huo alitwaa ubingwa wa taifa mara tatu, 1999, 2004 na 2011. Lakini makocha wa namna hiyo ni wachache, na siyo wote wanaohama ni watu wabaya.

Chukueni jimbo la Kentucky. Kuna Chuo Kikuu cha Kentucky kilichoko mji wa Lexington, na kuna Chuo Kikuu cha Louisville, kama kilomita 125 kutoka hapo. Uhasama wao ulikuwa mkubwa hata tangu 1959 hadi 1983 timu hizo hazikukutana uwanjani kamwe. Zilipokutana mwaka 1983, zikilazimishwa na ratiba ya mashindano ya taifa, Louisville ilishinda 80 kwa 68 baada ya muda wa nyongeza. Tangu hapo hukutana karibu kila mwaka.

Mwaka 1989 Kentucky walikuwa chini kabisa. Walikuwa wameadhibiwa kwa kuvunja kanuni, wamezuiwa kushiriki mashindano ya taifa kwa miaka miwili, na wachezaji wengi wamekimbia. Akaja Rick Pitino. Akaijenga timu upya, na mwaka 1996 akawapa ubingwa. Mwaka uliofuata akaenda Boston kufundisha timu ya kulipwa. Watu walisikitika, lakini waliagana naye vizuri. Kule Boston mambo hayakumwendea vyema, akaacha kazi Januari 2001. Miezi miwili baadaye akatangazwa kuwa kocha wa Louisville.

Hapo ndipo paliposimama moto. Kwenda Boston kulisameheka, kwenda kwa watani hakukusameheka. Tarehe 29 Desemba 2001 aliingia katika uwanja wa Lexington, wenye nafasi ya watu zaidi ya 20,000, akiwa upande wa wageni. Watu wale wale waliomshangilia wakamzomea. Kentucky ilishinda 82 kwa 62.

Sasa tufikiri kama watu wazima. Pitino aliwakosea nini watu wa Kentucky? Mkataba wake kwao ulikwisha kufungwa miaka minne kabla. Hakuiba mchezaji wala siri. Alikuwa hana kazi, na kazi iliyopatikana ilikuwa ng'ambo ya pili ya uzio. Yapo mengine ambayo mtu anaweza kuyahoji katika maisha yake ya kazi. Ubingwa aliowapa Louisville mwaka 2013 ulifutwa mwaka 2018, baada ya uchunguzi wa makosa yaliyofanyika katika kuwavuta wachezaji. Lakini hilo ni shauri jingine, na halikuwa sababu ya kumzomea mwaka 2001. Na muda ulivyopita hasira ilipoa. Mwezi Oktoba 2024 Pitino, sasa akiwa kocha wa St. John's ya New York, alialikwa Lexington kwenye sherehe ya kufungua msimu, na uwanja ule ule ukasimama kumshangilia. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Mfano wa pili unauma zaidi, kwa sababu unahusu wanafunzi. John Calipari alifundisha Kentucky miaka 15, tangu 2009, akatwaa ubingwa mwaka 2012. Baadaye timu ikaanza kutolewa mapema katika mashindano, na mashabiki wakachoka. Kumfukuza kulikuwa kazi ngumu, kwani mkataba ungewadai fidia ya zaidi ya dola milioni 33. Mwezi Aprili 2024 akamaliza ubishi mwenyewe kwa kuhamia Arkansas, chuo kinachocheza ligi moja na Kentucky.

Hakwenda peke yake. Wachezaji watatu aliokuwa nao Kentucky walimfuata, na vijana wengine waliokuwa wameahidi kujiunga na Kentucky wakageuza njia. Kanuni ya zamani ilikuwa kwamba mchezaji akihama chuo hukaa nje msimu mzima kabla ya kucheza. Mwaka 2021 kanuni hiyo ililegezwa, na mwaka huo huo wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina yao katika matangazo. Tangu hapo kocha anapohama, nusu ya bweni inaweza kuhama naye. Tarehe 1 Februari 2025 Calipari alirudi Lexington na timu yake mpya. Akazomewa, kisha akashinda 89 kwa 79.

Je, vijana wale walikosea? Mimi sisemi hivyo. Kijana anayemfuata mwalimu aliyemwamini ana haki yake. Lakini kuna tofauti kati ya mwanafunzi kumfuata mwalimu na mwalimu kumchukua mwanafunzi kama anavyochukua sanduku lake. Katika utumishi wa serikali afisa anapohama anaandika hati ya makabidhiano: funguo hizi hapa, mafaili haya hapa, shauri hili halijakwisha. Anaweza kubeba ujuzi wake wote, maana huo ni wake. Mafaili hayabebi. Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, ambaye wazazi wake wamemleta hapa kwa ajili ya masomo, mimi namhesabu upande wa yale yasiyobebwa.

Lakini na Kentucky nao walifanya nini? Ndani ya siku chache walimchukua Mark Pope, aliyekuwa nahodha wa timu ile ya ubingwa wa 1996. Alikuwa mwanafunzi wao wa zamani! Siku alipotambulishwa, watu walijaza uwanja mzima kumpokea mtu ambaye hajashinda hata mchezo mmoja akiwa kocha wao. Msimu huo timu zote mbili, Kentucky na Arkansas, zilifika kumi na sita bora za taifa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nimeweka mwisho habari za John Wooden, ambaye wengi humwita kocha bora kuliko wote waliopata kufundisha mchezo huu. Mwaka 1948 alikuwa kocha wa chuo kidogo cha ualimu katika jimbo la Indiana, na alikuwa akiitwa na vyuo viwili kwa mpigo, Minnesota na UCLA ya California. Alivyosimulia mwenyewe, moyo wake ulikuwa Minnesota, karibu na kwao. Walipatana wampigie simu jioni fulani kumpa jibu, na UCLA nao wampigie saa moja baadaye. Saa ya Minnesota ikapita kimya. UCLA wakapiga, naye akawakubalia. Kidogo baadaye simu ikalia tena. Ni Minnesota! Theluji ilikuwa imekata nyaya za simu, na sasa walikuwa na habari njema aliyoisubiri. Wooden akawajibu kwamba amechelewa, kwani amekwisha kutoa neno lake. Hakukuwa na karatasi wala sahihi. Lilikuwa ni neno tu la mdomo, dakika chache zilizopita.

Habari haikuishia hapo. Baada ya miaka miwili aliitwa na Purdue, chuo alichosoma yeye na kukichezea. Ndugu zangu wanafunzi wa zamani, mnajua uzito wa kuitwa na shule iliyokulea. UCLA haikuwa na hata uwanja wa maana. Wooden alitaka kwenda. Viongozi wa UCLA wakamkumbusha kwamba ni yeye mwenyewe aliyedai mkataba wa miaka mitatu, na mmoja ulikuwa bado. Akabaki. Ubingwa wa kwanza ulikuja mwaka 1964, baada ya miaka 16 ya kazi, na alipostaafu mwaka 1975 alikuwa ameutwaa mara 10.

Angalieni vizuri, vijana. Wooden alizuiwa na ahadi. Mashabiki na maandishi ya ukutani hayakuwa na neno katika shauri lake. Kama mkataba wake ungekuwa umekwisha, angekwenda Purdue, na asingekuwa msaliti wa mtu. Kwa hiyo kipimo cha mwalimu anayehama si jina la shule anayokwenda. Kipimo ni kama amewaambia wanafunzi wake kwa kinywa chake kabla hawajasikia sokoni, kama amemaliza muda aliouahidi, na kama ameacha nyuma yake hati ya makabidhiano na timu inayoweza kucheza bila yeye. Mtu akiyatimiza hayo, hata akihamia kwa watani, msindikizeni mpaka kituo cha basi na mumbebee begi.

Kwa upande wetu pia kipo kipimo. Asubuhi nilikwenda uwanjani. Ubao wa kikapu upande wa bwalo umeoza, na kikapu kimefungwa kwa waya. Mipira ipo minne, miwili haikai upepo. Nikapita nyumba ya mwalimu, nikaona mabati ya jikoni yameezuliwa na mvua za mwaka jana na kufunikwa turubai. Chini ya hali hiyo ametupeleka fainali za mkoa mara tatu. Na sisi, wanafunzi wa zamani zaidi ya 100 tuliomo humu, wenye magari yaliyojaa kiwanja cha gwaride, tulimpa nini? Tulimpa cheti. Nimekiona ukutani kwake, chini kidogo ya mahali panapovuja.

Shule jirani hawakutumia uchawi. Walimpa nyumba nzima, mipira mipya na shukrani. Tukimwita msaliti tutakuwa tumejisahau wenyewe.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naleta hoja mbele ya mkutano huu. Mosi, chama kigharimie mabati ya nyumba ya mwalimu wa michezo na mbao mbili za vikapu kabla ya kufunga muhula, awe ameamua kubaki au kuondoka, maana hata atakayemrithi atahitaji paa. Pili, mwalimu akiondoka, chama kimwandalie chakula cha kumuaga katika bwalo hili, na wachezaji wake wote wawepo. Tatu, aliyeandika ukutani aufute kabla ya jioni. Simtaki jina. Nitaacha ndoo na brashi hapo nyuma.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.