Habari za Mashinani na Haja ya Kuonana



Jioni ya tarehe 30 Desemba 2007, mara baada ya matokeo ya urais kutangazwa, serikali ya Kenya ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Ghasia zilipozuka, waliokuwa mtaa wa Kibera jijini Nairobi walijua Soko la Toi limeteketea. Waliokuwa Eldoret walijua ni barabara zipi zimezibwa. Kila mtaa ulijua yake, na hakuna aliyejua ya wote. Mapema Januari, mwanasheria na mwanablogu Ory Okolloh akatoa wazo: wanaoona ghasia watume taarifa, na kila tukio liwekwe kwenye ramani. Katika muda wa siku chache tu tovuti ya Ushahidi ikaanza kazi. Haiti ilipokumbwa na tetemeko mwaka 2010, programu hiyo iliyozaliwa katika msiba wetu ikatumika huko pia.

Watu hupenda kuisimulia habari hii kama ushindi wa mitambo. Mimi naisoma vingine. Juni 2007 Okolloh alihutubia kongamano la TED mjini Arusha, na Erik Hersman, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa Ushahidi, alikuwa kwenye kongamano hilohilo. Wanablogu waliozoea kusomana kwa mbali walipata kuonana. Waliokwisha kupeana mikono hawaanzi kuulizana “wewe ni nani” moto ukiwa tayari juu ya paa.

Msinielewe vibaya. Habari haiwi kweli kwa kuwa imetoka kwa mwananchi wa kawaida. Uvumi uliosambazwa kwa simu msimu ule nao ulitoka kwa wananchi wa kawaida. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo na kuhesabu vifo 1,133, ilizinyooshea kidole hata baadhi ya redio za lugha za mama. Taarifa ya mashinani huwa na uzito pale mtu mwingine anapoweza kuithibitisha, na kuthibitisha ni kazi ya watu wanaojuana.

Tuchukue mfano wa ujumbe mmoja kutoka Kibera: “Reli inang’olewa Laini Saba, vijana ni wengi.” Mhariri aliyeketi Westlands ataufanyia nini? Kama hamjui mtumaji, ana mawili tu: auchapishe kwa kubahatisha au autupe. Kama wamewahi kukaa meza moja, mambo hubadilika. Anajua nyumba ya huyu bwana iko upande gani wa reli, kwa hiyo anajua kama ameona au ameambiwa. Anajua kwamba kwake yeye “wengi” ni kama ishirini. Anajua ana mdomo wa kutia chumvi akikasirika, ila hajawahi kuzua. Kisha anampigia mama anayeuza mboga upande wa pili, ambaye naye anamjua, na kumuuliza swali moja la kawaida: treni imepita leo? Hayo yote hayamo ndani ya simu.

Kibera yenyewe ni somo. Hadi mwaka 2009 ramani nyingi ziliiacha tupu. Mwaka huo vijana wa mtaa, katika mradi wa Map Kibera, wakapita vichochoroni na vifaa vya GPS wakiandika palipo na choo, zahanati, bomba la maji. Mwaka uliofuata ikazaliwa Kibera News Network, vijana haohao wa mtaani wakishika kamera ndogo za video. Na sensa ya 2009 ikahesabu wakazi 170,070 mahali ambapo kwa miaka mingi watu walikuwa wakiandika “milioni moja” bila kupepesa macho. (Wengi wa walioandika hivyo walikuwa na shahada.)

Ndiyo maana nataka watu waonane, ingawa najua mikutano yetu ina ugonjwa wake. Hoteli, fulana, bahasha, picha ya pamoja, kisha kila mtu kwao. Kuna hatari kubwa zaidi: wanaojuana huwa pia wanasitiriana, hasa wakiwa wa kabila moja. Kwa sababu hiyo kikao cha watu wa mtaa mmoja pekee hakinitoshi. Wa Mathare akae na wa Kisumu na wa Eldoret, na aulizwe maswali na mtu asiyemwonea haya.

Ombi langu kwa chuo hiki si kubwa. Tufungue chumba kimoja cha habari kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Turudishe nauli kwa kiwango cha matatu, tuweke chai na mandazi, vyeti tusitoe. Kila anayekuja alete taarifa moja ambayo yeye mwenyewe ana shaka nayo, awaeleze wenzake aliipataje, nani mwingine aliona, na nani angepata hasara ikichapishwa. Wanafunzi wetu wa uanahabari wakae nyuma na madaftari. Na mwenyekiti wa kikao asiwe mhadhiri.