Ganzi ya Mgongo Wakati wa Uchungu: Yanayosimuliwa na Wazazi, Yanayotuhusu Wakunga



Nimeombwa nizungumzie epidurali, ile ganzi ya mgongoni anayopewa mwanamke akiwa kwenye uchungu ili azae kwa njia ya kawaida bila maumivu makali. Nitaizungumzia kupitia simulizi za wanawake waliochomwa, na za wale waliotaka wakaikosa. Katika simulizi nilizozisikiliza miaka yote ya ukunga wangu, ni mara chache dawa yenyewe ndiyo iliyomfanya mzazi aikumbuke siku ile kwa shukrani au kwa kinyongo. Zaidi ilikuwa ni kama alielezwa mapema, kama aliulizwa, na kama palikuwa na mtu karibu naye. Hayo yako mikononi mwetu hata pale ambapo sindano haipo, na ndiyo maana nimekubali kuleta mada hii mbele ya watu ambao wengi wao hawajawahi kuiona epidurali ikitolewa kazini kwao.

Sindano mbili zinazochanganywa

Ukikaa barazani na akina mama wa Tanga au wa Mombasa ukauliza nani amechomwa sindano ya mgongo, watajitokeza wengi. Wadadisi, utakuta karibu wote walifanyiwa upasuaji. Walichochomwa ni spaino. Dawa ya spaino huingia moja kwa moja kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo, hushika kwa dakika chache, miguu hufa ganzi kabisa, na baada ya saa mbili hivi huanza kuisha.

Epidurali hufanya kazi vingine. Sindano nene yenye ncha iliyopinda kidogo hupitishwa kati ya pingili za kiuno, mara nyingi kati ya ya tatu na ya nne, ikasimama nje ya utando unaoyahifadhi yale maji. Daktari huitambua nafasi hiyo kwa mkono wake: bomba lenye maji ya chumvi, lililokuwa likigoma kusukumika, hulegea ghafla. Hapo hupenyeza mrija mwembamba, huichomoa sindano, na mrija hubaki umebandikwa mgongoni. Kwa mrija huo mama hutiliwa dawa kidogo kidogo, kwa kawaida bupivakaini isiyo kali iliyochanganywa na fentanili, mpaka mtoto azaliwe. Nafuu huanza kuja baada ya dakika 15 hadi 20. Kwa dozi ndogo zinazotumika siku hizi, wanawake wengi huweza kujigeuza kitandani na kumhisi mtoto anaposhuka.

Mchanganyo huu una gharama. Mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alipoambiwa leba kwamba anaweza kupata sindano ya mgongo alianza kulia na kumwita mumewe, akiamini tumekwisha kukata shauri la kumpasua naye hajaambiwa. Alikuwa amehudhuria kliniki tangu mwezi wa nne. Alipimwa damu, mkojo na presha, akapewa vidonge vya kuongeza damu na chandarua, lakini hakuna siku aliyosikia neno lolote kuhusu maumivu. Njia ikishafunguka sentimita saba, mwanamke hawezi tena kukaa akasikiliza somo.

Kutokana na mchanganyo huohuo limezaliwa lile lalamiko tunalolijua sote, kwamba mgongo unauma tangu nichomwe. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2018, yaliyowahusu wanawake zaidi ya 11,000, hayakuona kwamba epidurali inaleta maumivu ya mgongo ya muda mrefu, wala kwamba inaongeza upasuaji. Mahali palipochomwa panaweza kuuma kwa siku kadhaa, na mgongo wa mzazi una sababu nyingine tele: mimba yenyewe, kubeba, kuinama anaponyonyesha. Hata hivyo mama anayelalamika mgongo apimwe na asikilizwe. Nimewasikia wenzetu wakilijibu lalamiko hilo kwa kicheko, na kila mara limeniumiza.

Kama uchungu ni lazima

Ubishi huu ni wa zamani, na haukuanzia kwetu. James Young Simpson alipoanza kuwapa wazazi etha, kisha klorofomu, mjini Edinburgh mwaka 1847, walikuwapo madaktari na watu wa dini waliosema maumivu ya uzazi yana makusudi yake. Mwaka 1853 John Snow alimpa klorofomu Malkia Victoria, na kelele zikapungua. Fidel Pagés, daktari wa jeshi la Hispania, aliieleza ganzi ya epidurali ya kiunoni mwaka 1921. Mwaka 1947 Manuel Martínez Curbelo, huko Havana, aliacha mrija ndani ili dawa iendelee kutolewa, na njia hiyo ndiyo tunayoifuata mpaka leo.

Kwa wanaonijia na hoja ya dini huwakumbusha kisa cha Bibi Maryamu katika sura yenye jina lake. Uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende, akatamani angekuwa amekwisha kufa kabla ya hayo. Hakukemewa kwa kusema hivyo. Alitulizwa, akaonyeshwa maji ya kunywa na tende za kula. Sioni katika kisa hicho hoja yoyote ya kumwacha mwanamke aumie ilhali tuna cha kumpa.

Simulizi tatu

Mama wa kwanza alizaa watoto wawili Tanga, wa tatu akamzalia Birmingham alikomfuata mumewe. Nilitarajia anisimulie jinsi maumivu yalivyokatika. Aliligusia hilo haraka, kisha akaniambia kwa kirefu kuhusu karatasi aliyopewa mimba ikiwa bado changa. Chama cha madaktari wa ganzi ya uzazi cha Uingereza hutoa kadi ya maelezo yenye takwimu za wazi: katika wanawake 8 mmoja hapati nafuu ya kutosha na huhitaji njia nyingine, katika 50 mmoja hushukwa sana na presha, katika 100 mmoja hupata maumivu makali ya kichwa, na madhara ya neva yanayodumu zaidi ya miezi sita humpata mmoja katika wanawake 13,000. Nilimuuliza kama takwimu zile hazikumtisha. Akasema zilimpa utulivu, kwa kuwa hata presha iliposhuka akasikia kizunguzungu, alijua ni jambo linalotarajiwa. Alilazwa ubavu wa kushoto, akaongezewa dripu na dawa, akatulia.

Wa pili alizaa mtoto wake wa kwanza katika hospitali ya binafsi ya mji mkubwa wa pwani yetu. Alilipia epidurali, akachomwa, na ganzi ikashika upande wa kulia tu. Kushoto uchungu uliendelea kama kawaida. Kila aliposema, aliambiwa avumilie, dawa itafika. Jambo hili linajulikana na lina dawa: mara nyingi mrija umeingia mno na kuegemea upande mmoja, hivyo huvutwa nyuma sentimita moja au mbili, dawa ikaongezwa, na ikishindikana huwekwa mwingine. Lakini daktari wa ganzi alikuwa mmoja tu, naye alikuwa chumba cha upasuaji, kwa saa kadhaa. Mama yule hana ugomvi na sindano. Kinachomuuma mpaka leo ni kwamba alikuwa akisema kweli na hakuna aliyemsadiki.

Hapa sitalainisha maneno. Hospitali yenye mtaalamu mmoja wa ganzi, anayehitajika papo hapo kwenye upasuaji, isitangaze huduma ya epidurali. Baada ya kila dozi presha hupimwa kila baada ya dakika tano kwa dakika 15 hadi 20 za mwanzo, na mapigo ya moyo ya mtoto hufuatiliwa. Dawa za kupandisha presha ziwe zimeandaliwa. Pawepo pia ile dripu ya mafuta ya asilimia 20, kwa ajili ya siku ambayo ganzi itaingia kwenye mshipa wa damu na kuufikia moyo. Mkunga anayehudumia wazazi sita kwa wakati mmoja hawezi kuyafanya haya, hata awe hodari vipi. Nisingependa tuanze huduma hii kwa pupa, mama mmoja apoteze maisha, na watu waiogope kwa kizazi kizima.

Wa tatu aliruhusiwa kurudi nyumbani siku ya pili, na siku ya tatu akaanza kuumwa kichwa kisichovumilika. Alitibiwa malaria mara mbili bila kipimo kuonyesha kitu. Majirani wakaanza kunong'ona. Aliporudi kliniki na mtoto wake, muuguzi mmoja alimuuliza swali moja: ukilala kinapungua? Kilikuwa kinapungua kabisa akilala na kurudi mara tu anapoinuka. Hiyo ndiyo dalili ya utando uliotobolewa, maji yakawa yanavuja. Hutibiwa kwa mapumziko, vinywaji, dawa za maumivu, na kisipokwisha huwekwa kiraka cha damu, yaani damu ya mama mwenyewe, mililita 20 hivi, huchomwa mahali palepale ili izibe tundu. Kwa kuwa spaino nayo huweza kuleta kichwa hicho, na spaino zinatolewa hadi hospitali za wilaya, nawasihi wote wanaohudumia wazazi baada ya kujifungua walishike swali lile.

Si anasa kwa kila mtu

Wapo wanawake ambao epidurali kwao ni zaidi ya faraja. Mwenye presha ya mimba husaidiwa isipande kila uchungu unapokuja, mradi chembe za kugandisha damu zimepimwa na hazijashuka mno. Ikilazimu upasuaji wa dharura, mrija uliopo huongezewa dawa na mama huepuka kulazwa usingizi mzito, ambao kwa mjamzito una hatari zake. Na wapo wasiofaa kuchomwa: mwenye maambukizi mahali pa sindano, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na yule aliyekataa. Kukataa kwake kunatosha. Hadaiwi sababu.

Huko Ufaransa, bima ya taifa ilianza kuilipia epidurali yote mwaka 1994, Simone Veil akiwa waziri anayehusika na afya. Kufikia 2016 zaidi ya wanawake 8 katika kila 10 waliozaa kwa njia ya kawaida walikuwa wakiipata. Kwa hiyo sikubali nikiambiwa kwamba mwanamke wa Kiafrika ameumbwa kuvumilia. Kinachotutenganisha na wale ni bima, dawa na idadi ya wataalamu.

Tanzania, wanawake wanaozalia kwenye vituo vya afya wameongezeka kutoka asilimia 63 katika utafiti wa 2015-16 hadi 81 mwaka 2022. Tuliwaita, nao wamekuja. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2018, linapendekeza mama mwenye afya anayeomba nafuu apewe, kwa kadiri anavyopenda mwenyewe: epidurali, dawa kama pethidini na fentanili, kuchuliwa mwili, mazoezi ya kupumua na kulegeza mwili. Linapendekeza pia awe na mtu aliyemchagua wa kukaa naye. Mengi kati ya hayo hayahitaji daktari wa ganzi. Lakini leba nyingi bado mama yake au wifi yake huzuiwa mlangoni, na anayelia huambiwa ajikaze.

Utafiti mmoja wa mkoani Tanga uliwauliza wazazi kuhusu kutukanwa, kupigwa na kupuuzwa. Walipoulizwa wakati wa kuondoka kituoni, kama 19 katika kila 100 walisema yaliwapata. Walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, waliosema hivyo walifikia 28. Mzazi aliye bado ndani ya ua wa hospitali hutujibu kwa tahadhari.

Kwa hiyo napendekeza haya kwa vituo vyetu. Mazungumzo kuhusu maumivu yaingizwe kwenye hudhurio la mwezi wa saba, kwa Kiswahili chepesi, pamoja na tofauti ya spaino na epidurali, na matakwa ya mama yaandikwe kwenye kadi yake ya kliniki ili wa leba wayaone. Vituo visivyo na epidurali vimwambie mama hivyo waziwazi, vikimweleza kile vilicho nacho. Na mama anapomleta mtoto kwa chanjo ya wiki sita, aulizwe faraghani, na mtu ambaye hakumzalisha: maumivu yako yalishughulikiwaje, nani alikuwa nawe, kuna ulichoomba ukanyimwa? Majibu yasomwe katika kikao cha kila mwezi cha wodi ya wazazi, na mganga mfawidhi awepo.