Nyumba ya Samaki na Beseni la Buwenge



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, lisilostahili kufuata taarifa ya habari. Tunataka kuzungumza juu ya nyumba za maonyesho ya samaki, yaani zile nyumba zenye matangi ya vioo ambamo samaki hai huwekwa ili wananchi wawatazame. Ni kitu gani kinachomfanya mtazamaji atoke humo akiwa amestaajabu, na ni kitu gani kinachomfanya atoke akiwa amevunjika moyo? Tena, swali hilo linamhusu nini askari? Tunaomba mtusikilize hadi mwisho, kwa maana linamhusu sana.

Tuanze na safari moja. Mwandishi wa mazungumzo haya alipata kufuatana na wanafunzi wa darasa la sita wa Buwenge, mji mdogo ulio kaskazini ya Jinja katika njia iendayo Kamuli. Wazazi walikuwa wamechanga fedha muhula mzima, shilingi juu ya shilingi, ili watoto wao wapelekwe kuwatazama samaki mahali fulani kando ya ziwa. Mahali hapo hatutapataja, kwa sababu kasoro tutakazozieleza haziko hapo peke yake.

Watoto waliingia wakiwa na furaha, wakatoka kimya. Maji ya matangi yalikuwa ya kijani kibichi, na vioo vilikuwa vimeota utando. Taa ilikuwa imetundikwa nyuma ya watazamaji, basi kila mtoto aliyesogea kwenye kioo aliiona sura yake mwenyewe kabla ya kumwona samaki. Kibao kimoja tu ndicho kilichosomeka, nacho kiliandikwa neno moja: "Mamba." Mtoto mmoja wa askari, aliyelelewa kambini akisema Kiswahili, alirudi nyuma kwa hofu. Katika Kiswahili mamba ni yule mnyama wa mtoni mwenye magamba na meno. Lakini kwa wananchi wengi wa sehemu hizi mamba ni samaki mrefu mwenye mwili kama wa nyoka, ambaye jirani zetu wa Kisumu humwita kamongo.

Samaki huyo alipanda juu, akatoa pua, akashuka tena. Mtoto akauliza, "Afande, kwa nini anapanda juu?" Mlinzi wa zamu, ambaye alikuwa akigonga kioo kwa ufunguo ili samaki wachangamke, alijibu, "Amechoka."

Hakuwa amechoka, ndugu wasikilizaji. Samaki yule ana mapafu. Hupanda juu kuvuta hewa kama sisi, na akizuiwa asifike juu hufa maji ingawa ni samaki. Kinamasi kikikauka hujichimbia matopeni akalala humo hadi mvua zirudi. Ajabu hiyo ilikuwa mbele ya macho ya watoto arobaini, wala hapakuwa na mtu wa kuwafunulia. Mtazamaji anaweza kusimama mbele ya ajabu ya dunia akapiga miayo, ikiwa hakuna aliyemwambia anatazama nini.

Jioni, katika kurudi, mwalimu aliona si vema watoto walale na huzuni. Karibu na Buwenge alikuwako mzee mmoja mfugaji wa samaki, mwenye mabwawa mawili ya udongo nyuma ya migomba yake. Mzee aliwakaribisha, akaingia majini hadi magotini, akamkinga ngege jike kwa wavu mdogo, akamtia katika beseni la maji safi. Akamshika taratibu, akamwinamisha. Mara kinywani mwa samaki yule yakatoka makundi ya watoto wadogo kama punje za ulezi, wakatawanyika katika beseni.

"Jjajja, alikuwa amewameza?" aliuliza msichana mmoja.

"Hakuwameza, mwanangu. Anawalea. Mayai aliyatia kinywani, yakaangulika humo humo. Siku zote hizo hali kitu cha maana. Ukimvua sasa, umevua ukoo mzima."

Watoto walilizunguka beseni lile hadi giza likaingia, wakagombana kwa nafasi ya kutazama. Beseni lenyewe ni la kawaida, la kufulia nguo.

Basi swali letu limejibiwa nusu. Ukubwa wa jengo peke yake hautoshi. Ni kweli kwamba ukubwa nao hustaajabisha. Huko Dubai, ambako vijana wetu wengi wamekwenda kutafuta kazi, liko tangi lililofunguliwa mwaka 2008 lenye maji lita milioni 10, na papa hupita mbele ya watu ndani ya soko. Anayeliona hulisimulia. Lakini Jumba la Makumbusho la Kisumu, lililofunguliwa mwaka 1980, lilichagua njia nyingine: kuweka matangi ya kiasi tu, yenye samaki wa ziwa lile lile linaloonekana mjini humo. Mtoto wa mvuvi akiingia humo humwona akiwa hai samaki ambaye amemzoea sahanini. Hilo nalo ni jambo kubwa, na gharama yake si ya kutisha.

Nyumba nzuri ya samaki, basi, yataka nini? Kwanza, yataka maji yenye afya. Samaki hula na kunya ndani ya maji yale yale anayovuta pumzi. Uchafu wake hugeuka sumu, na vijidudu wema wanaokaa ndani ya machujio ndio wanaoipunguza sumu hiyo. Machujio yakioshwa ovyo, vijidudu hufa, na samaki huwafuata. Maji ya bomba yenye dawa ya kuulia vijidudu yakimiminwa bila kuachwa yatulie, samaki hufa. Umeme ukikatika, pampu ya hewa husimama, na samaki hupanda juu wakitweta. Mji wa Jinja umekuwa na bwawa la umeme tangu mwaka 1954. Itakuwa aibu samaki wa hapo wafe kwa kukosa jenereta ndogo ya akiba.

Pili, yataka macho ya mgeni yafikiriwe. Ukumbi uwe na kiza na taa iwe juu ya maji, si mgongoni mwa mtazamaji. Kioo kifikie kimo cha mtoto. Samaki wawe wachache wenye mahali pa kujificha, kwani samaki aliyejazanishwa na wenzake hukaa kama mfungwa, naye mgeni huondoka na huruma badala ya elimu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, yataka ulimi. Vibao viandikwe kwa lugha zinazosomwa na wanaokuja: Kisoga, Kiganda, Kigisu, Kiteso, Kiingereza na Kiswahili. Awepo pia mtu anayewajua samaki wake na anayependa kuulizwa. Yule mzee wa Buwenge hakuwa na kibao hata kimoja, lakini yeye mwenyewe alikuwa kibao.

Sasa, ndugu wasikilizaji, tunafika penye uzito wa neno letu. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za samaki wadogo ambao Waganda huwaita nkejje, na ndugu zetu wa Tanzania huwaita furu. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara, ambaye hapa tunamwita mputa, aliletwa ziwani humo kutoka maziwa mengine. Katika miaka ya 1980 aliongezeka kupita kiasi. Sangara alileta viwanda, ajira na fedha za kigeni, hilo halikanushiki. Lakini mamia ya aina za nkejje zilipungua mno au hazikuonekana tena. Maji nayo yalichafuka kwa mbolea, udongo na taka. Wataalamu wamegundua kwamba nkejje jike humchagua dume kwa rangi yake; maji yakiwa na ukungu hawezi kuzitofautisha rangi, na aina zikachanganyika hadi zikapotea. Kumbe maji machafu humfanya hata samaki asimjue wa kwao.

Baadhi ya aina hizo zimetunzwa ndani ya matangi ya vioo huko Ulaya na Marekani, ambako watu waliwazalisha tangu watambue hatari. Hebu tufikiri. Mtoto wa ng'ambo huletwa na mwalimu wake kumwona samaki wa Jinja, hali mtoto wa Buwenge, anayekaa mwendo mfupi kutoka ziwani, hajapata kumwona. Na Jinja ndiyo yenye taasisi ya utafiti wa samaki iliyoanzishwa mwaka 1947 kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima, na ndiyo makao ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994. Elimu ipo. Kilichobaki ni kuifungulia mwananchi mlango.

Na askari je? Mwaka 2017 kikosi cha jeshi kilipewa kazi ya kuulinda uvuvi wa maziwa yetu. Nyavu haramu zilichomwa, mashua zilikamatwa, na malalamiko ya wavuvi juu ya nguvu iliyotumika yalifika hadi Bungeni. Hatukusudii leo kupima nani alikosa. Tunasema hivi tu: sheria inayotaka ngege asipungue inchi 11, na sangara asipungue inchi 20, haikutungwa ili kumtesa mtu. Ilitungwa kwa sababu samaki chini ya kipimo hicho huenda hajapata kuzaa hata mara moja, na sangara jike huchelewa kupevuka kuliko dume. Mvuvi asiyeelezwa hayo huiona rula ya askari kuwa fimbo. Na askari asiyeyajua hana cha kueleza, hubaki na fimbo tu.

Lakini askari aliyesimama mbele ya tangi, au mbele ya beseni, akawaona watoto wakitoka kinywani mwa mama yao, huyo atasema na mvuvi kwa maneno mengine. Atamwambia, "Ndugu, huyu alikuwa analea." Mvuvi naye ana watoto, ataelewa. Huenda asitii siku hiyo, lakini hatasema kwamba alionewa bila sababu.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Wenye dhamana ya samaki, elimu na utalii katika Jinja na Mbale wasingoje fedha za jumba la fahari. Matangi sita yaliyo safi, yenye samaki wa hapa hapa, vibao vinavyosomeka na mtu mmoja mwenye elimu na subira, yanatosha kuanza. Wakuu wa vikosi nao, kabla ya kumtuma kijana ziwani na bunduki, wampe saa mbili za kumtazama samaki anayekwenda kumlinda. Saa mbili si nyingi katika mafunzo ya askari.

Wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana. Sisi twasema, aonyeshwe kwanza, kisha aambiwe. Watoto wa Buwenge walionyeshwa jioni moja kando ya migomba, na kesho yake, mwalimu alituambia, wawili kati yao waliwazuia kaka zao kutega chandarua mtoni. Hakuna askari aliyewatuma.

Ndugu wasikilizaji, kwa leo tunaishia hapo.